Daftari la Vuli

Kengele ya shule ya jirani hulia saa mbili kasorobo.
Sisi tungali na mahamri mezani,
na Sudi, wa miaka minne, amevaa kiatu kimoja
anatafuta cha pili kama karani aliyepoteza faili.
Haendi popote. Shule yetu ni meza hii ya kulia,
mguu wake mmoja umewekewa kigae usitikisike,
na ubao ni mlango wa kabati la vyombo.

Bi Khole wa chini, kila tukikutana ngazini:
"Na hawa, likizo yao haishi?"
Nacheka. Nabeba ndoo yangu. Napanda.
Nimwambie nini? Kwamba huko
walimsimamisha Barke mbele ya darasa asome,
akakwama kwenye herufi ya kwanza ya jina lake mwenyewe,
na darasa zima likamsaidia kwa makofi?
Alirudi hajalia.
Akavua sare, akaikunja,
akaiweka juu ya mtungi wa gesi
kama kitu cha kuazima kinachongoja mwenyewe.

Basi, ni mwezi wa kumi. Kusi imechoka,
joto limelala juu ya Tudor
kama paka juu ya nguo zilizopigwa pasi.
Halafu vuli. Si mvua ya kutisha kama masika;
yaja kwa vipande, yaahidi, yaghairi,
yanyesha upande wa hospitali, kwetu kukavu.

Shekue ametega kopo la samli juu ya paa.
Kila asubuhi hupanda na rula, hushuka, huandika:
Jumatatu, milimita tatu.
Jumanne, sifuri.
Jumatano, sifuri, lakini kunguru amekunywa.
Namwambia kunguru si hesabu.
Amekataa kufuta.

Mimi niliachia kidato cha pili.
Usiku, Lali akiwa zamu bandarini,
nasoma somo la kesho kwa tochi ya simu,
nikiwatangulia wanangu kwa siku moja tu.
Sehemu nimezielewa mwaka huu, kwa mkate wa sinia:
robo ya theluthi niliikata mwenyewe,
nikaitazama, nikala ushahidi.

Jikoni kwetu paa ni bati tupu.
Mvua ikija kwelikweli
Barke huchukua kitabu, akajibanza
kati ya mtungi na gunia la mchele,
akasoma kwa sauti.
Bati lavuma. Hatumsikii, twaona midomo tu.
Hakwami. Najuaje?
Kurasa zafunguka kwa mwendo mmoja,
na mkono wake wa kushoto,
ule unaopiga paja akisaka neno,
umelala.

Jana mvua ilikatika ghafla
kama mtu aliyefunga mfereji,
sauti yake ikabaki peke yake, haina pa kujificha:
"...na pete za sayari hii ni barafu, na mawe, na ma... na ma..."
Nikashika mwiko, nisigeuke.
Sudi akafungua kinywa amsaidie;
Shekue akakiziba kwa hamri.
Tone. Tone jingine, kwenye beseni.
Mkono wa kushoto ukapiga paja mara mbili.
"Mavumbi," akasema,
akafungua ukurasa mwingine
kana kwamba hakuna lililotokea, na mimi
nikaendelea kukoroga sufuria iliyokwisha kuzimwa.

Shekue akapanda na rula, akarudi magoti yamelowa.
Milimita kumi na moja, akaandika,
na kando, kwa penseli hafifu, akidhani sitaona:
na neno moja.
Kunguru nilimbishia. Hili sikuligusa.

Leo kukavu. Kengele ya jirani imelia.
Kiatu cha Sudi kimepatikana ndani ya ndoo.
Barke yuko dirishani, kitabu kwapani,
atazama upande wa hospitali,
mawingu yanakotokea.